Mtu akikuwekea vizibo viwili

Mwezi ukipevuka, Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma, hulala mapema. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa gizani: boti hutoka jioni, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, ndipo wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikilifunika ziwa lote, taa hupoteza kazi yake, samaki hutawanyika, na wavuvi hupumzisha boti kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Mimi ni fundi wa injini za boti. Mchana wa siku hizo ndipo ninapoletewa kila injini iliyokuwa inavumiliwa na kasoro zake. Usiku tunacheza poka.

Tunakaa nyuma ya karakana yangu, watu wanne au watano, chini ya taa moja ya sola. Meza ni mlango wa zamani tulioulaza juu ya makreti. Kete tumezitengeneza wenyewe: kizibo cha soda ni 1, kizibo tulichokipaka rangi nyekundu ni 5, na mise moja ni 25. (Mise ni kokwa ya mchikichi, ile inayobaki mawese yakishakamuliwa. Kwetu Kigoma ukiinama unaiokota.) Kila mtu huanza na kete za thamani ya 200, na madau ya lazima kabla ya kutazama karata ni 1 na 2. Hatuchezi pesa. Michezo ya pesa inataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, lakini hata pasingekuwa na sheria nisingekubali. Nimeona vijana wakimaliza mgawo wa usiku mzima kwenye karata tatu kabla jua halijapanda, na mgawo ule ulikuwa na watoto wanaousubiri nyumbani. Kwetu anayeishiwa kete wa kwanza huchemsha kahawa. Inatosha kabisa, maana hakuna anayependa kupuliza mkaa huku anasikia wenzake wakicheza.

Kilichonifanya niuchukulie mchezo huu kwa uzito ni mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na fundi wa boti wakati boti zimelala ana muda mrefu sana. Nilikuwa na poka kwenye simu, ile ya kete za bure, nikaanza kuandika kwenye kauntabuku kila mchezo ulioniuma. Baada ya wiki chache nikaona jambo linajirudia ukurasa kwa ukurasa. Sikuwa napoteza sana mbele ya madau makubwa. Dau kubwa linatisha, mtu unatulia, unafikiri. Nilikuwa napoteza mbele ya madau madogo. Mtu anaweka 2 kwenye mzigo wa 13 na mimi namjibu hapo hapo: mara natupa karata kwa kuwa sijapata kitu, mara napandisha kwa hasira kwa kuwa nimeona dharau. Majibu yote mawili yalikuwa yananila. Kwa hiyo leo naandika kuhusu dau dogo, hasa pale unapokuwa umekaa nyuma ya mtu aliyeliweka.

Tuelewane maneno kwanza. Poka yetu ni ile ya Texas, bila kikomo. Kila mtu hupewa karata 2 za siri, kisha mezani hufunguliwa karata 3 kwa mpigo, ambazo ni flopu, kisha ya nne, kisha ya tano. Katika kila hatua unaweza kugonga meza na kupita bila kuweka kitu, kuweka dau, kufuata dau la mwenzako, kupandisha, au kutupa karata. Bila kikomo maana yake wakati wowote mtu anaweza kusukuma kete zake zote. Kilichokusanyika katikati tunakiita mzigo, na dau dogo nalipima kwa mzigo, silipimi kwa idadi ya kete. Kuweka 10 kwenye mzigo wa 12 ni dau zito. Kuweka 10 kwenye mzigo wa 80 ni dau dogo. Kwangu chochote kisichofika robo ya mzigo ni kidogo.

Na kukaa nyuma? Kuanzia flopu, aliyekaa kiti cha mgawaji ndiye husema wa mwisho. Mke wangu hajawahi kushika karata, lakini jambo hili analielewa kunizidi. Yeye hununua dagaa mchangani alfajiri, na siku zote husubiri. Wanunuzi wengine wanataja bei, mwenye mzigo anakataa, mmoja anaongeza, mwingine anaondoka kwa kusonya, yeye bado amesimama na beseni lake. Nilipomweleza faida ya kiti cha mgawaji aliniambia, "Baba Zawadi, sasa hilo nalo la kuandika? Anayesema mwisho ameshawasikia wote." Ndivyo hasa. Ila kwenye poka faida hiyo huipati mara moja tu. Unaipata baada ya flopu, unaipata tena baada ya karata ya nne, na tena baada ya ya tano, na mwenzako hana namna ya kukunyang'anya mpaka mchezo uishe.

Sasa tuje kwenye vizibo viwili.

Mwalimu ni mchezaji mwangalifu. Anazipanga kete zake kwa kumi kumi, na hapendi kabisa kushtukizwa. Usiku mmoja nilikuwa kiti cha mgawaji na ree na gulamu, zote za shupaza. Nikapandisha mpaka 6. Wote wakatupa isipokuwa Mwalimu, ambaye alikuwa ameshaweka lile dau la lazima la 2, akaongeza 4. Pamoja na kile kizibo 1 kilichoachwa na mwenye dau dogo la lazima, mzigo ukawa 13. Flopu ikafunguka: tisa ya kopa, sita ya uru, tatu ya maua. Hakuna hata moja iliyonigusa. Mwalimu akasukuma vizibo 2 kwa ncha ya kidole.

Kabla ya ile kauntabuku ningetupa bila kusita. Sina pea (karata mbili za namba moja), sina kitu, kwa nini nilipe? Lakini tazama bei. Nadaiwa 2 ili nishindanie 15 zilizokwishalala pale. Nikishinda mara 2 tu kati ya 17, asilimia 12 hivi, nimerudisha gharama. Kwenye karata 47 nisizoziona zimebaki ree 3 na gulamu 3. Hizo ni 6 kwa 47, karibu asilimia 13, na hapo nahesabu karata moja tu inayofuata. Siyo kila ree itakayoshuka itanipa ushindi, najua, huenda ana kitu kikubwa kuliko pea. Hata hivyo bei ya vizibo 2 inakaribia kujilipa yenyewe hata nikiwa sina mpango mwingine wowote.

Na mpango ninao. Mtu mwenye karata mbili zisizo pea huikosa flopu mara mbili kati ya tatu. Mimi nimeikosa, na Mwalimu naye hana sababu ya kuwa na bahati kuliko mimi. Halafu najiuliza: huyu mtu, kwa jinsi ninavyomfahamu, ameweka 2 kwa nini? Mwalimu huweka 2 ili mimi nisiweke 8. Anaogopa akigonga meza nitampiga dau la kweli, basi anajitajia bei mwenyewe, bei anayoweza kuilipa, akitumaini nitaikubali na kunyamaza.

Nikafuata. Sikupandisha, na hapa ndipo natofautiana na wengi wanaofundisha kwamba dau dogo ni udhaifu na udhaifu hupigwa papo hapo. Ningepandisha mpaka 8 pale pale, Mwalimu mwenye pea ndogo angefuata. Flopu ilikuwa ya karata ndogo ndogo, angejiambia kwamba nina ree na mfalme na nimekosa, na angekuwa karibu kabisa na ukweli. Ikaja karata ya nne: mfalme wa uru. Mzigo 17. Mwalimu akagonga meza.

Kule kugonga meza ndiko nilikokuwa nakusubiri. Vizibo 2 nilivyolipa vilininunulia neno lake la pili, na neno la pili la mtu huwa kweli zaidi kuliko la kwanza. Nikaweka 10. Kuzuga kwa 10 kwenye mzigo wa 17 hakuhitaji kufaulu kila mara. Kukifaulu mara 10 kati ya 27, yaani asilimia 37, hujapata hasara. Na mfalme ni karata ambayo mtu aliyepandisha mwanzoni anaweza kuwa nayo kweli, kwa hiyo nilikuwa nasimulia hadithi inayoaminika. Mwalimu akamtazama mfalme, akanitazama mimi. "Fundi, hiyo umeipata," akasema, akafunua sita na tano, akazitupa. Alikuwa mbele yangu tangu flopu.

Geuza sasa upande, ukae kiti cha Mwalimu, uone kwa nini kutupa mbele ya dau dogo ni kosa kubwa. Anayeweka sehemu moja ya tano ya mzigo anahatarisha 1 ili apate 5. Wewe ukitupa zaidi ya mara moja kati ya sita, yeye anapata faida hata kama karata zake ni takataka, hata kama hazitazami. Kumbuka unakosa flopu mara mbili kati ya tatu. Ukiwa na tabia ya "sijapata, natupa", unatupa mara nne zaidi ya inavyokubalika, na mtu mwenye macho atakuwekea vizibo 2 usiku kucha. Mimi niliwekewa hivyo kwa miezi, na nilikuwa naiita bahati mbaya.

Nikishafika hapo nilidhani nimemaliza. Nikaanza kufuata kila dau dogo na kulipiga kwenye karata ya nne. Nahodha akanisimamisha.

Nahodha ana zaidi ya miaka 60, na amevua dagaa tangu enzi za karabai. Haongei mezani. Usiku huo nilikuwa na mfalme wa kopa na malkia wa uru, tena kiti cha mgawaji. Nikapandisha 6, yeye akafuata kutoka kwenye dau la lazima, mzigo 13. Flopu: mfalme wa maua, saba ya shupaza, nne ya uru. Nina pea ya juu kabisa. Nahodha akaweka 3. Nikapandisha mpaka 12 na nilikuwa sahihi, narudia, pale nilikuwa sahihi, kwa kuwa pea ya juu inataka kulipwa. Akafuata. Mzigo 37. Karata ya nne, mbili ya shupaza, haikubadili kitu. Nahodha akaweka 4.

Vizibo 4 kwenye mzigo wa 37. Nikaona mzee amechoka. Nikapandisha mpaka 30. Akakuna kidevu, akafuata. Mzigo 97. Karata ya tano, kumi ya kopa. Nahodha akasogeza kete zote zilizobaki, 152, mise zikigongana. Nikakaa dakika nzima, na moyoni nilikuwa nimeshajua, lakini nilikuwa nimeweka 48 na sikutaka kuziacha. Nikafuata. Akafunua saba mbili. Saba tatu tangu flopu.

Nilipokuwa napuliza mkaa wa kahawa alinijia akachuchumaa karibu. "Mwanangu," akasema, "taa haiwashwi ili kufukuza samaki."

Nimelifikiria neno hilo sana. Nahodha huweka dau kama anavyovua. Dau lake dogo ni taa: linawaka kidogo, linatulia, linaacha maji yajae, na wavu hauinuliwi mpaka wakati wake. Mwalimu na Nahodha wanasukuma vizibo vile vile kwa kidole kile kile, na sababu zao ziko mbali kama Kigoma na Tabora. Ukijibu vizibo bila kumjibu mtu, utampiga Mwalimu leo na kesho Nahodha atakuvua.

Kulikuwa na dalili, na niliipuuza. Dalili haikuwa 3 za kwanza. Ilikuwa zile 4, zilizokuja baada ya mimi kupandisha. Mtu anayeweka dau dogo kwa woga, ukimpandishia, hutupa, au hufuata kisha hugonga meza. Amepata jibu alilokuwa analiogopa, hawezi kurudi kuchokoza. Yule anayepandishiwa, akafuata, halafu akatangulia tena na dau dogo kana kwamba hakuna kilichotokea, huyo hana woga. Baada ya usiku ule nimeliona mara nyingi vya kutosha kuliamini: dau dogo la pili, baada ya kupandishiwa, lifuate tu kama una kitu cha wastani. Usilipandishie. Ningefuata 3 za flopu, nikafuata 4 za karata ya nne, na hata angeweka 20 mwishoni nikazilipa, ningepoteza 33 usiku ule pamoja na zile 6 za mwanzo. Nilipoteza 200.

Hapo ndipo faida ya kukaa nyuma inapokuwa kinga pia. Mimi nikifuata tu, mzigo unabaki mdogo, na Nahodha aliye mbele yangu ndiye anayelazimika kuukuza. Kila anapoukuza namwona. Mtu aliyekaa mbele hana anasa hiyo.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, ni kitabu kingine. Kijana huyu hatupi karata. Akiona karata mbili za alama moja mezani na mbili mkononi mwake, ataifuata ya tano mpaka mwisho wa dunia. Dau lake dogo lina sababu moja: anataka kuona karata inayofuata kwa bei nafuu. Kumzuga Shemeji ni kumwaga maji ziwani. Mbele yake sina habari ya kufuata na kusubiri. Nikiwa na kitu, napandisha, na napandisha vizuri.

Nilikuwa na ree na kumi za uru, flopu ikaja kumi ya kopa, tano ya kopa, mbili ya maua. Mzigo ule ule wa 13, Shemeji akaweka 2. Nikifuata tu, nimempa alichotaka. Nikapandisha mpaka 12. Sasa anadaiwa 10 ili ashindanie 27, kwa hiyo anahitaji kushinda mara 10 kati ya 37, asilimia 27. Kopa zake zilizobaki ni 9 kwenye karata 47, asilimia 19. Akafuata, kama kawaida yake. Karata ya nne ikawa gulamu wa maua, haina kopa, akagonga meza, nikaweka 25 kwenye mzigo wa 37. Anahitaji karibu asilimia 29, anayo chini ya 20. Akafuata tena. Karata ya tano: sita ya kopa. Shemeji akasukuma kete zake zote na uso umemchanua. Nikatupa.

Wenzangu walinihurumia na sikuhitaji huruma. Kwa bei ile, mara nne kati ya tano karata ya tano haiwi kopa, na 37 nilizomtoa zinabaki mezani kwangu. Niliandika mchezo huo kwenye upande wa kauntabuku wa michezo niliyocheza vizuri, na hadi leo uko hapo. Kinachoniuma zaidi ni zile mara ambazo nilimwacha Shemeji aone karata kwa vizibo 2, kopa ikaja, na nikamlipa juu yake.

Kuna dau dogo la mwisho, la karata ya tano, ambalo lina tabia yake. Pale hakuna tena karata ya kusubiri. Mtu akiweka 5 kwenye mzigo wa 40 karata zote zikiwa wazi, mara nyingi ana pea ya wastani. Anatamani kuifunua na kuona kama inatosha, lakini anaogopa akigonga meza utamwekea 30 na kumlazimisha kuamua. Anakuwekea kizuizi. Kwanza hesabu: ukifuata unalipa 5 kushindania 45, mara moja kati ya kumi inatosha, kwa hiyo chochote chenye nafasi ya kumshinda kifuate na usijivune kukitupa. Pili, kama mfuatano (karata tano zinazofuatana) uliokuwa unausubiri umekataa kuja, na karata ya tano inaweza kuwa imemsaidia mtu wa aina yako, pandisha mpaka 25. Unahatarisha 25 kwa ajili ya 45, kukifaulu mara 25 kati ya 70 hujapoteza, hiyo ni asilimia 36. Mwalimu hutupa zaidi ya hapo. Lakini sharti moja: ukiwa na karata za kweli, pandisha vile vile, mpaka 25 ile ile, kwa mwendo ule ule wa mkono. Mwalimu anahesabu, ujue. Ukipandisha 25 ukizuga na 18 ukiwa na karata za kweli, ataigundua kabla mwezi haujaanza kupungua.

Shemeji usimpandishie kizuizi kwa kuzuga. Nimeshasema.

Na haya yote ni ya watu wawili. Wakiwa watatu mezani na dau dogo limetoka kwa wa kwanza, lakini mmoja bado yuko nyuma yako, wewe hujakaa nyuma, umekaa katikati, na bei uliyodhani ni 2 inaweza kugeuka 20 kabla hujaona karata. Hapo nafuata na karata zinazoweza kugeuka kitu kikubwa, kama zile zinazosubiri alama moja, na ree na gulamu zangu zilizokosa flopu nazitupa bila majuto.

Mbalamwezi iliyopita Nahodha ameanza kunichanganya. Ameona nimeacha kumpandishia, sasa ameweka vizibo 3 mara tatu usiku mmoja, na mara moja wapo nilipofuata mpaka mwisho alifunua tisa na nane zisizo na chochote. Mzee wa miaka ile amebadilika kwa ajili yangu, na nakiri nilifurahi moyoni kuona hivyo. Nimefungua ukurasa mpya kwa jina lake. Mara tatu ni chache, nahitaji miezi mingine miwili au mitatu kabla sijaamua kama dau lake dogo nilipige au niliogope. Kwa sasa nafuata, natazama anavyofanya kwenye karata ya nne, na naandika.

Giza limerudi tangu juzi. Boti yake inatoka leo jioni, na kabureta ya injini yake bado iko wazi mezani, juu ya mlango ule ule, katikati ya vizibo ambavyo hakuna aliyeviondoa.